Upepo na Ardhi: Historia ya Umeme wa Upepo nchini Kenya

Kufikia katikati ya miaka ya 2020, Kenya ilikuwa na mitambo ya upepo yenye uwezo wa kuzalisha takriban megawati 435 za umeme, iliyosimikwa katika vituo vitatu vikubwa, yaani Ngong karibu na jiji la Nairobi, Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana. Vituo hivyo vilikuwa vikichangia sehemu muhimu ya umeme uliotumika nchini, ilhali mwanzoni mwa karne mchango wa upepo katika gridi ya taifa haukufikia hata megawati moja. Mabadiliko makubwa kiasi hicho katika muda mfupi kiasi hicho yanastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu yanafundisha mambo ambayo hayaonekani katika takwimu za uzalishaji peke yake.

Maendeleo haya husimuliwa mara nyingi kama habari ya mashine: ukubwa wake, urefu wa minara yake na wingi wa umeme wake. Kumbukumbu za miradi yenyewe zinaonyesha, hata hivyo, kwamba uwezo wa mashine haukuwa kikwazo kikuu wakati wowote, wala Kenya haikukosa upepo. Miradi iliyosimama na iliyoanguka iliamuliwa zaidi na mambo mawili: makubaliano juu ya ardhi ambako minara ilikusudiwa kusimikwa, na kuwapo kwa njia ya kuufikisha umeme kwa watumiaji. Upepo hauna mwenyewe, lakini ardhi unakopita ina wenyewe, na historia ya umeme wa upepo nchini Kenya ni kwa sehemu kubwa historia ya jinsi ukweli huo ulivyosahauliwa, ukajitokeza tena, na hatimaye ukaanza kuzingatiwa.

Upepo wenyewe na chanzo chake

Nguvu inayoweza kuvunwa kutoka katika upepo hutegemea kasi yake kwa namna ya pekee, kwa kuwa huongezeka kwa mchemraba wa kasi hiyo. Maana yake ni kwamba kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kwa sababu hiyo tofauti ndogo ya kasi baina ya mahali na mahali huzaa tofauti kubwa ya faida, na mjenzi wa kituo cha umeme wa upepo hutafuta kwanza mahali ambapo maumbile ya nchi yameubana upepo na kuuongezea kasi. Kenya ina mahali pa namna hiyo pa aina mbili: kingo za Bonde la Ufa na vilele vya vilima kama vile Ngong, ambako hewa hulazimika kupanda na kupita juu ya ukingo mwembamba, na mapito yaliyo baina ya milima, ambako hewa husongamana na kukimbia.

Pito kubwa kuliko yote liko kaskazini. Nyanda za juu za Ethiopia upande mmoja na nyanda za juu za Afrika Mashariki upande wa pili zimeacha katikati yake uwanda wa chini ambao wataalamu wa hali ya hewa huuita Mlango wa Turkana. Mwaka 1982 watafiti J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha maelezo ya mkondo wa hewa wenye kasi kubwa upitao humo karibu na uso wa ardhi, ukitoka kusini-mashariki kuelekea kaskazini-magharibi katika miezi yote ya mwaka. Mkondo huo hulishwa na pepo za msimu za Bahari ya Hindi, yaani kaskazi na kusi, ambazo matawi yake hupinda na kuingia bara. Joto la ziwa na la jangwa linalolizunguka, pamoja na umbo la milima ya Kulal na Nyiru, huuzidishia upepo nguvu, hata wastani wa kasi yake kwa mwaka katika baadhi ya sehemu za Loiyangalani hukaribia mita 11 kwa sekunde, kiwango ambacho ni nadra kupatikana nchi kavu mahali popote duniani.

Matumizi kabla ya umeme

Watu wa pwani ya Kenya waliishi kwa upepo karne nyingi kabla ya kujulikana umeme. Majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia takriban mwezi wa Desemba, yakarejea na kusi miezi michache baadaye, na kalenda ya biashara, ya ndoa na ya madeni katika miji kama Lamu na Mombasa ilifuata mwendo huo. Maarifa hayo yalikuwa ya baharini. Huko bara, matumizi ya upepo kama nguvu ya kuendeshea mashine yaliingia katika enzi ya ukoloni, pale walowezi waliposimika vinu vya chuma vya kuvutia maji kutoka visimani kwa ajili ya mifugo na mashamba.

Hatua ya kwanza ya kutengeneza mashine za upepo nchini Kenya kwenyewe ilipigwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati kiwanda cha Bobs Harries Engineering mjini Thika kilipoanza kuunda pampu ya upepo iliyopewa jina la Kijito, kwa kushirikiana na shirika la Uingereza lililojishughulisha na teknolojia nyepesi kwa nchi zinazoendelea. Pampu ya namna hii hutofautiana na mtambo wa umeme kwa jambo moja la msingi: ina mapanga mengi yanayozunguka polepole kwa nguvu kubwa ya kusukuma, kwa sababu kazi yake ni kuinua uzito wa maji, ilhali mtambo wa umeme una mapanga machache yanayozunguka kwa kasi ili kuendesha jenereta. Kijito ilijengwa kwa vyuma vilivyopatikana nchini, mafundi wa kawaida waliweza kuitengeneza ilipoharibika, na kwa miaka mingi ilivuta maji katika mashamba, misheni na vituo vya wafugaji wa maeneo makavu. Mafanikio yake yalikuwa ya kiasi, lakini yalithibitisha kwamba mashine ya upepo inaweza kudumu katika mazingira ya Kenya iwapo wanaoitumia wanaielewa na kuihesabu kuwa yao.

Ngong na funzo la ukame

Umeme wa upepo uliingia katika gridi ya taifa mwaka 1993, wakati mitambo miwili yenye jumla ya kilowati 350, iliyotolewa kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, iliposimikwa katika Vilima vya Ngong. Kiasi hicho kilikuwa kidogo mno kuweza kuathiri mahesabu ya nishati ya nchi, na kwa zaidi ya miaka kumi mitambo hiyo ilibaki kuwa majaribio ambayo wasafiri waliyaona kileleni bila kuyafikiria zaidi. Sababu ya kutojali huko inaeleweka. Tangu uhuru, serikali ilikuwa imewekeza katika maji, na mabwawa ya Mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mvua iliponyesha, umeme wa maji ulikuwa nafuu na wa kutosha.

Mvua ilipokosekana, udhaifu wa mpango huo ulidhihirika. Ukame ulioanza mwaka 1999 na kuendelea hadi mwaka 2000 na baada yake ulishusha viwango vya maji katika mabwawa ya Tana hadi serikali ikalazimika kugawa umeme kwa zamu, viwanda vikasimama kwa saa nyingi, na jenereta za dharura za dizeli zikakodishwa kwa gharama kubwa. Hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2009. Kila ukame ulimwachia mtumiaji wa kawaida bili nzito zaidi, kwa kuwa bei ya mafuta yaliyochomwa iliongezwa juu ya bei ya umeme, na kila ukame ulizidisha hoja za waliotaka nchi itafute vyanzo visivyotegemea mvua wala mafuta kutoka nje. Mvuke wa ardhini wa Olkaria ulipewa nafasi ya kwanza, na haki ilikuwa hivyo, kwa sababu hutoa umeme usiku na mchana bila kukatika. Upepo ulifuata nyuma yake.

Mwaka 2008 serikali ilitoa sera ya bei maalumu kwa umeme wa nishati jadidifu, yaani utaratibu unaomhakikishia mzalishaji binafsi kwamba umeme wake utanunuliwa kwa bei iliyotangazwa mapema na kwa muda mrefu. Sera hiyo, iliyorekebishwa mwaka 2010 na mwaka 2012, iliwavuta wawekezaji wengi, ambao waliomba vibali vya kupima upepo kutoka Lamu hadi Marsabit. Wakati huohuo Kampuni ya Kuzalisha Umeme ya Kenya, KenGen, iliyorithi mitambo ya Ngong, ilianza kuipanua. Mwezi wa Agosti mwaka 2009 mitambo 6 ya kilowati 850 kila mmoja ilianza kazi kwa jumla ya megawati 5.1, na kufikia mwaka 2015 idadi yake ilikuwa imefika 30, yenye uwezo wa megawati 25.5. Ngong ilikuwa karibu na Nairobi na karibu na waya zilizokwishajengwa, na kwa hiyo haikukumbana na matatizo yaliyokuwa yakisubiri kaskazini.

Mradi wa Ziwa Turkana

Wazo la kujenga kituo kikubwa karibu na Ziwa Turkana linahusishwa na Mholanzi Willem Dolleman, aliyekuwa akifanya kazi za kilimo nchini Kenya na ambaye katika safari zake za kwenda ziwani aliuona upepo unaong'oa mahema. Kuanzia mwaka 2006 yeye na wenzake waliunda kampuni, wakaanza kupima upepo, na matokeo ya vipimo yalizidi matarajio. Wataalamu hupima ubora wa kituo kwa uwiano baina ya umeme kinaozalisha kweli kwa mwaka na ule ambao kingezalisha kama mitambo yake yote ingefanya kazi kwa uwezo wake kamili kila saa. Vituo vingi vya nchi kavu duniani hupata uwiano ulio chini ya asilimia 40, ilhali makadirio ya Loiyangalani yalivuka asilimia 50.

Mahali palipokuwa na upepo bora kabisa, hata hivyo, palikuwa mbali na kila kitu kingine. Hakukuwa na waya wa gridi ndani ya mamia ya kilomita, na barabara ilikuwa njia ya mawe na mchanga. Hali hiyo ndiyo iliyoamua aina ya mashine. Badala ya mitambo mikubwa ya megawati kadhaa iliyokuwa ikipendelewa Ulaya, wahandisi walichagua mitambo 365 ya kampuni ya Vestas ya Denmark, ya aina ya V52, yenye uwezo wa kilowati 850 kila mmoja na duara la mapanga lenye kipenyo cha mita 52, kwa sababu sehemu zake ziliweza kubebwa na malori katika njia ngumu na mwili wake uliweza kuvumilia upepo mkali. Jumla ya uwezo ilikuwa megawati 310, kiasi kikubwa kwa nchi ambayo kilele cha mahitaji yake ya umeme mwishoni mwa miaka ya 2010 kilikuwa karibu megawati 1,900.

Mkataba wa kununua umeme huo kwa miaka 20 ulitiwa saini mwaka 2010 baina ya kampuni ya mradi na Kenya Power, shirika linalouza umeme kwa wananchi. Kupata fedha kulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijiondoa katika dhamana yake, ikihofia kwamba nchi ingejikuta ikilazimika kulipia umeme mwingi wa upepo kuliko uwezo wake wa kuutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilishika uongozi wa kukusanya mikopo, na pamoja na mashirika ya uwekezaji ya Norway, Denmark na Finland, ilifanikisha mpango wa fedha uliozidi yuro milioni 600, uwekezaji binafsi mkubwa kuliko wote katika historia ya Kenya hadi wakati huo. Mikopo ilikamilika mwaka 2014 na ujenzi ukaanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa barabara. Kiasi cha kilomita 208 kutoka Laisamis hadi eneo la mradi zilijengwa upya, sehemu ya gharama ikitolewa na serikali ya Uholanzi, ndipo mapanga, minara na jenereta vikaweza kusafirishwa kutoka bandari ya Mombasa kwa mwendo wa takriban kilomita 1,200 na kwa zaidi ya safari 2,000 za malori. Mtambo wa mwisho ulisimikwa mwezi wa Machi mwaka 2017, kabla ya tarehe iliyopangwa, jambo ambalo kwa mradi wa ukubwa huo mahali kama hapo ni ushahidi wa kazi iliyofanywa kwa ustadi na nidhamu.

Mitambo ilipokuwa tayari, waya haukuwapo. Njia ya kusafirisha umeme yenye msongo wa kilovolti 400 na urefu wa takriban kilomita 430, kutoka Loiyangalani hadi kituo cha Suswa, haikuwa sehemu ya mradi wa kampuni, kwa kuwa ilikuwa jukumu la serikali kupitia Kampuni ya Kusafirisha Umeme ya Kenya, KETRACO. Ujenzi wake ulikabidhiwa kampuni ya Isolux Corsán ya Uhispania, nao ulichelewa kwanza kwa sababu ya migogoro ya fidia na wenye ardhi ambao nguzo zilipita katika maeneo yao, kisha kwa sababu kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017. Wakandarasi wa Kichina waliimalizia kazi, na mnamo Septemba mwaka 2018 umeme wa kwanza wa Loiyangalani uliingia katika gridi. Rais Uhuru Kenyatta alikizindua rasmi kituo hicho mwezi wa Julai mwaka 2019.

Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, mitambo 365 ilisimama katika upepo bora kuliko wote nchini bila kumulika nyumba hata moja. Mkataba uliilazimu serikali kufidia umeme ambao ungezalishwa kama waya ungekuwapo, na deni hilo lilifikia mabilioni ya shilingi, likalipwa kwa sehemu kutoka hazina ya umma na kwa sehemu kwa kuongezwa katika bei ya umeme iliyokuja baadaye. Gharama ya kuchelewesha mazungumzo na wenye ardhi njiani ikawa imelipwa na kila mtumiaji wa umeme nchini.

Wenye ardhi

Suala zito kuliko la waya lilikuwa la ardhi ya kituo chenyewe. Eneo la Loiyangalani hutumiwa na wafugaji wa jamii za Warendille, Wasamburu na Waturkana, na ziwani wanaishi Waelmolo wavuvi. Mradi ulipoanza, ardhi hiyo kisheria ilikuwa ardhi ya udhamini, yaani ardhi iliyoshikiliwa na baraza la kaunti la wakati huo kwa niaba ya wenyeji, ambayo haikuweza kutengwa kwa matumizi mengine ila kwa utaratibu uliotaka matangazo, kusikilizwa kwa wakazi na kulipwa kwa fidia. Mwaka 2007 baraza la Marsabit lilikubali kuitenga ardhi ya ekari 150,000 kwa mradi, ingawa mitambo ilihitaji eneo la takriban ekari 40,000 tu, na kampuni ikapewa hati za upangaji wa muda mrefu.

Wafugaji wa eneo hilo walisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2014, mwaka uleule ambapo ujenzi ulianza, wawakilishi wao walifungua kesi, na mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ilitamka kwamba hati hizo zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria, ikawapa wahusika mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro, na mwaka 2023 ikakataa ombi la kuongeza muda huo. Upande wa kampuni ulieleza kwamba malisho hayakufungwa, kwa kuwa mifugo iliendelea kupita kati ya minara, na kwamba barabara, shule, zahanati na visima vilijengwa kwa fedha za mradi. Maelezo yote mawili yana ukweli wake, lakini hayajibu swali moja. Aliyenyimwa nafasi ya kusema ndiyo au hapana hafidiwi kwa kisima, hata kisima hicho kikiwa na maji mazuri, kwa sababu alichonyang'anywa ni haki ya kuamua, na haki hiyo hailipwi kwa kitu kingine.

Katika nyanda za juu za Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, mgogoro ulichukua sura nyingine. Hapo ardhi iligawanywa kwa walowezi wa Kiafrika baada ya uhuru, na familia nyingi zinaishi kwenye mashamba madogo ya viazi, kabichi na ng'ombe wa maziwa. Mradi wa megawati 60.8, uliokusudiwa kuwa na mitambo 38, ulikuwa umekwisha kupata fedha na mkataba wa kununua umeme. Lakini minara ilipangwa kukaa karibu na makazi, mikataba ya upangaji iliwafikia baadhi ya majirani na kuwaruka wengine, na maelezo juu ya usalama na fidia yalikuja baada ya uvumi kwamba mitambo ingedhuru afya na mifugo. Wakulima waliandamana, mtu mmoja akauawa katika purukushani za mwaka 2015, na mwezi wa Februari mwaka 2016 wawekezaji walitangaza kwamba mradi umekufa. Huko Lamu, mradi wa megawati 90 uliokusudiwa kujengwa karibu na Mpeketoni ulikwama katika mabishano ya ardhi na vibali baina ya kampuni zilizoshindania eneo, na pwani iliyozoea kuishi kwa kaskazi na kusi ikabaki bila kituo cha upepo.

Kipeto ndiko njia nyingine ilikojaribiwa. Katika nyanda za Kajiado ardhi ilikuwa tayari imegawanywa kwa familia za Wamaasai wenye hati zao, na waanzilishi wa mradi walilazimika kuzungumza na mwenye ardhi mmoja mmoja. Makubaliano yaliwapa wenye ardhi kodi ya pango na mgawo wa mapato ya umeme, nyumba mpya zikajengewa familia zilizo katika eneo hilo, na mfuko wa jamii ukapewa asilimia 5 ya hisa za kampuni. Mitambo 60 yenye jumla ya megawati 100 iliunganishwa na kituo cha Isinya kwa njia fupi ya kilomita 17, na uzalishaji wa kibiashara ukaanza mwaka 2021. Hata tumbusi walio hatarini kutoweka, ambao huzaliana kwenye majabali ya karibu, walihesabiwa: waangalizi waliofunzwa hukaa eneo la mitambo mchana kutwa na kuagiza mapanga yasimamishwe ndege hao wanapokaribia. Mazungumzo ya Kipeto yalichukua miaka mingi, lakini mitambo iliyosimama baada yake haikuzingirwa na waandamanaji.

Kuishi na upepo katika gridi

Umeme wa upepo ulipokwisha kuwa sehemu kubwa ya gridi, matatizo ya aina mpya yalijitokeza. Umeme lazima uzalishwe kwa kiasi kilekile unachotumika katika kila sekunde, na upepo haufuati saa za watu. Huko Turkana huvuma kwa nguvu usiku na alfajiri, wakati mahitaji ya nchi yakiwa chini kabisa, na kwa kuwa mkataba unaitaka Kenya Power kuulipia umeme huo, ilitokea mara nyingi kwamba mvuke wa Olkaria uliachiliwa angani bila kutumika ili kuupisha upepo. Suluhisho linalotajwa na wataalamu ni kuhamishia usiku baadhi ya matumizi, kuanzia viwandani hadi kwenye kuchaji magari ya umeme, na kujenga betri kubwa za kuhifadhi ziada, na mambo hayo yanahitaji bei inayompa mtumiaji sababu ya kubadili saa zake.

Tatizo jingine ni uzito wa chanzo kimoja kilicho mwishoni mwa njia moja ndefu. Tarehe 25 Agosti mwaka 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na wakati wa hitilafu kituo cha Turkana kilikuwa kikitoa takriban megawati 270 ambazo zilipotea kwa ghafla. Kenya Power ilitaja kupotea kwa umeme huo kuwa chanzo, nayo kampuni ya mradi ikasema mitambo yake ilijizima kujilinda na hitilafu iliyotokea kwenye gridi. Lolote lililotangulia, tukio hilo lilionyesha kwamba gridi yenye upepo mwingi huhitaji njia za pili za kusafirisha umeme, akiba inayoweza kuingia mara moja, na waongozaji wenye vyombo vya kisasa.

Suala la bei nalo halikuepukika. Mwaka 2021 rais aliunda jopo la kuchunguza mikataba ya wazalishaji binafsi, kutokana na malalamiko ya wananchi kwamba bei ya umeme ilikuwa ikiwaelemea. Umeme wa Turkana, unaolipwa kwa yuro, hauhitaji mafuta na bei yake kwa kilowati-saa ni ya chini kuliko ya jenereta za dizeli. Hata hivyo shilingi inaposhuka thamani, malipo hayo hupanda, na mwananchi hubeba mzigo wa mabadiliko ya fedha asiyoyadhibiti. Funzo linalofuata ni kwamba mikataba ijayo iandikwe, kwa kadiri inavyowezekana, kwa fedha za nchi.

Hitimisho

Robo karne iliyopita kati ya mitambo miwili ya Ngong na minara 365 ya Loiyangalani inathibitisha kwamba nchi ya Kiafrika inaweza kujenga umeme safi kwa kiwango kikubwa na kwa kasi, hata mahali pasipokuwa na barabara. Inathibitisha vilevile kwamba sehemu ya kazi iliyodharauliwa ndiyo iliyogharimu zaidi. Waya wa Suswa ulichelewa kwa sababu fidia haikumalizwa mapema, Kinangop ilianguka kwa sababu majirani walisikilizwa wakiwa wamekwisha kukasirika, na Turkana imeendelea kuzalisha umeme huku uhalali wa hati zake ukipingwa mahakamani.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazipa jamii za kaskazini uwezo wa kusajili ardhi zao na kujadiliana kwa jina lao wenyewe, na Kipeto inaonyesha kwamba mwenye ardhi anaweza kuwa mwenye hisa. Mlango wa Turkana bado una upepo wa kutosha vituo vingi zaidi. Iwapo serikali itahesabu usajili wa ardhi na ridhaa ya wenyeji kuwa hatua ya kwanza ya uhandisi, itakayokamilishwa kabla ya mkopo wa kwanza kutiwa saini, vituo vijavyo vitajengwa kwa gharama ndogo zaidi na kwa haki zaidi, na wafugaji wanaolala gizani chini ya minara watakuwa na sauti ya kudai kwamba waya wa umeme usipite juu ya vichwa vyao bila kuingia katika nyumba zao.